Akili Hii Yote Unaipeleka Zahanati?

Safu ya maswali ya wasomaji. Anayejibu ni daktari wa tiba ya familia katika hospitali ya kaunti ndogo, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia.

SWALI

Salamu sana, Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tano, hapa Eldoret. Kwetu ni Budalang'i. Nilipojiunga na chuo nilikuwa nimeapa kurudi nyumbani, nifanye kazi karibu na watu wetu ambao mvua ikinyesha hata kufika kituo cha afya ni shida. Siku hizi naona haya kulitaja jambo hilo mbele ya wenzangu. Kila mtu anataka upasuaji, au moyo, au picha za eksirei. Mwezi jana tukiwa kwenye raundi daktari bingwa aliniuliza nataka kuwa nani. Nikamwambia huduma ya afya ya msingi. Akacheka: "Akili hii yote unaipeleka zahanati? Utaishia kuandika Panadol." Wodi nzima ikacheka. Kicheko hakinisumbui sana. Kinachonisumbua ni kwamba usiku nilianza kuona kama ana haki. Je, nimekomaa au chuo kimenibadilisha? Na huko mashinani kweli kuna kazi ya kumtosha daktari, au akili itaota kutu?

Mwanafunzi, Eldoret

JIBU

Mdogo wangu, salamu zimefika.

Huyo daktari sidhani alikuwa na nia mbaya. Yeye mwenyewe alifundishwa wodini, anafundisha wodini, na mgonjwa wa zahanati humfikia akiwa hoi. Ukikutana na mtu siku aliyozidiwa tu, ni rahisi kuamini kwamba kila aliyemshika kabla yako hakujua kitu.

Umebadilika, na chuo kimehusika. Hakuna mhadhara uliokufundisha kuidharau zahanati, nina hakika. Umejifunza kutokana na mahali ulipowekwa ujifunzie. Hebu kumbuka, tangu uanze kushika wagonjwa umekuwa wapi? Wodi ya magonjwa ya ndani, ya watoto, ya upasuaji, ya akina mama. Ukihitimu, uanagenzi utakurudisha mwaka mzima katika idara hizo hizo. Mtaalamu wa wodi ndiye anayekufundisha, anayekutahini na anayekuandikia barua ya kukupendekeza. Mtu anayeishi kwa kazi ya kituo cha afya, akaipenda na akaijua vizuri, umekaa naye lini ukamtazama akifanya kazi? Mtoto haoni fundi wa jahazi akatamani kuwa fundi wa jahazi kama amelelewa Njoro, mbali na bahari.

Utaratibu huu una historia. Mwaka 1910 Abraham Flexner aliandika ripoti iliyobadilisha vyuo vya udaktari vya Marekani. Vyuo vya ubabaishaji vikafungwa, na mafunzo yakafungamanishwa na maabara na hospitali kubwa ya chuo. Faida yake ilikuwa kubwa, na nchi nyingi zikafuata njia hiyo. Ila hospitali kubwa ina wagonjwa wake maalumu, na hapo ndipo tatizo lako linapoanzia.

Mwaka 1961 Kerr White na wenzake walipiga hesabu kwa kutumia takwimu za Marekani na Uingereza. Chukua watu wazima 1,000 kwa mwezi mmoja. Kama 750 watajihisi wagonjwa au kuumia. 250 watamwona daktari. 9 watalazwa. 5 watapelekwa kwa daktari mwingine. 1 atafika hospitali ya chuo kikuu. Hesabu hiyo iliporudiwa Marekani na kuchapishwa mwaka 2001, huyo mmoja hakutimia hata mmoja kamili. Kenya si Marekani, na kwetu wengi huanzia duka la dawa, lakini umbo la jambo unaliona. Wewe umefundishwa kwa huyo mmoja. Wale 249 wengine waliomwona daktari, hukuwaona.

Hilo linaathiri hata namna unavyofikiri juu ya ugonjwa. Tuchukue kichwa kinachouma. Katika hospitali ya rufaa, mgonjwa wa kichwa ameshachekechwa: zahanati imempa dawa, kituo cha afya kimempima malaria, hospitali ya kaunti ndogo, yaani Levo 4, imekwama, ndipo akaandikiwa barua. Ukimkuta wewe, uwezekano wa uvimbe au damu iliyovuja kichwani si mdogo, na kuomba picha ya CT ni akili timamu. Sasa njoo uketi kwangu Jumatatu asubuhi, benchi limejaa hadi kwenye mti. Wa kwanza kichwa kinamuuma kwa sababu hajalala, mtoto ana homa. Wa pili anahitaji miwani. Wa tatu presha yake ni 180 kwa 110 na hajawahi kupimwa maishani. Wa nne ana mimba na hajamwambia mtu. Na katika hao wengi, siku usiyoijua, yupo mmoja mwenye homa ya uti wa mgongo iliyoanza usiku wa kuamkia leo, shingo bado laini kabisa. CT huna. Una maswali, mikono yako, macho, na uamuzi wa nani arudi nyumbani, nani arudi kesho, nani asitoke mbele yako. Profesa wako, kwa heshima zote, angehangaika. Ugonjwa ukiwa mchanga hauna jina bado, na kuutambua hapo ni kugumu kuliko kuutambua ukiwa umekomaa na kuandikwa kwenye faili. Wanaosema kazi hii ni ya Panadol hawajaifanya.

Tena kuna jambo la muda. Wodini umemwona mama wa miaka hamsini na kitu aliyepooza upande wa kulia. Mkajadili ni mshipa gani wa ubongo ulioziba, ukajibu vizuri, mkahamia kitanda kinachofuata. Je, mlilifungua daftari lake? Wagonjwa wetu wa kliniki huja na daftari la shule, lile la kununua dukani, na kila ziara inaandikwa humo. La huyo mama lingekuonyesha kwamba alipimwa akakutwa na presha, akapewa amlodipine, miguu ikavimba. Dawa hiyo huwavimbisha miguu baadhi ya watu, na zipo nyingine za kuibadilisha, ila hakuna aliyemweleza. Akaacha kimya kimya. Baada ya hapo daftari halina kitu, miezi na miezi. Kiharusi kilipikwa katika miezi hiyo, na mtu wa kukizuia alikuwa yule wa kituo cha afya, kwa mazungumzo ya dakika kumi na kidonge kingine. Lakini mtihani wenu una moyo wenye mnung'uniko, ini lililokua, wengu unaofika kitovuni. Sijasikia mwanafunzi akitahiniwa jinsi ya kumrudisha kliniki mtu aliyeacha dawa.

Kisha kuna lile tamthilia la barua ya rufaa. Umeliona. Mgonjwa amefika, bingwa anaichukua barua ya afisa wa kliniki, anaisoma kwa sauti, anasita kwenye kosa la tahajia, anauliza: "Nani huyu alimpa mgonjwa dawa hii?" Watu wanacheka. Aliyeandika barua ile alimwona mgonjwa siku mbili kabla, dalili zikiwa nusu, maabara imefungwa, tena usiku, na bado alitambua kwamba huyu asibaki kwake. Anayestahili kusomwa kwa sauti ni yeye, lakini kwa sababu nyingine. Ukisikia kicheko hicho mara nyingi kwa miaka mitatu, utaanza kukwepa kuwa mtu wa kuchekwa. Huko unakokuita kukomaa, nusu yake ni hofu hii.

Sitakudanganya upande wa pili. Nchini Kenya zahanati, yaani Levo 2, huendeshwa na muuguzi, na kituo cha afya cha Levo 3 mara nyingi huongozwa na afisa wa kliniki. Hawakalii kiti chako. Hicho ni kiti chao, na wanakijua. Ukiniambia utakwenda kuketi zahanati ya kijijini kila siku kama daktari, nitakuuliza mshahara wako unatoka bajeti gani. Kazi yako iko hospitali ya kaunti ndogo, Levo 4, na katika vituo vinavyoizunguka. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 iliweka mitandao: hospitali moja kama kitovu, vituo na zahanati zake, na wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba. Mwaka huo huo wa 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu hao, zaidi ya 100,000 nchini, mikoba yenye vifaa vya kupimia. Katika mpango huo daktari wa tiba ya familia ndiye anayetarajiwa kuongoza timu. Nakwambia kama mtu aliye ndani: kwenye karatasi mtandao ni mzuri sana. Barabarani unategemea kama gari la kaunti lina mafuta.

Kazi yenyewe ikoje? Juma langu moja lina kliniki ya presha na kisukari, wodi, mama anayehitaji upasuaji wa kujifungua saa tisa usiku, mtoto mwenye selimundu, na siku ya kuzunguka vituoni kukaa na maafisa wa kliniki kupitia wagonjwa waliowatatiza. Tiba ya familia ni shahada ya uzamili ya miaka minne. Chuo Kikuu cha Moi, chuo cha mji wako huo, ndicho kilichoianzisha Kenya mwaka 2005, na wanafunzi wake wamekuwa wakifunzwa Webuye. Ukitaka kujua kama akili inaota kutu, panda matatu uende Webuye ukawaulize waliopo. Ni karibu.

Kuhusu akili, kuna mtu mmoja ninayempenda. Julian Tudor Hart alikuwa daktari wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, Glyncorrwg. Aliwapima presha watu wazima wa kijiji chake, pamoja na wale ambao hawakuja kulalamika, akawafuatilia miaka na miaka. Mwaka 1971 aliandika katika jarida la Lancet kwamba huduma nzuri huelekea kuwa haba pale inapohitajika zaidi, na hoja hiyo inanukuliwa hadi leo kwenye mikutano ambayo yeye asingealikwa akiwa kijana. Na hapa nyumbani, mpango wa AMPATH ulioanza mwaka 2001 kutibu Ukimwi, kwa ushirikiano wa Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ulikuwa na kliniki Mosoriot tangu mwanzo. Mosoriot ni kituo cha mashambani, Nandi. Utafiti uliotoka huko umesomwa dunia nzima.

Nami nilipelekwa Mosoriot nikiwa mwanafunzi, katika ule mpango wenu wa mafunzo ya kwenye jamii, COBES, unaoujua: kwanza kuijua jamii, kisha kupima hali ya afya ya eneo, halafu utafiti, na mwisho kuona hospitali inavyoendeshwa. Ninachokumbuka ni muuguzi mmoja aliyekuwa akitaja mgonjwa asiyekuja kliniki, anataja na ng'ombe wake, na shemeji yake mwenye bodaboda, na kwamba atampigia huyo shemeji. Jioni mgonjwa yupo. Sikuwahi kuona uwezo wa namna hiyo wodini. Lakini wapo wenzangu walioshushwa vituo vingine bila mtu wa kuwapokea, hakuna nyumba, hakuna dawa, msimamizi simu imezimwa. Walirudi na chuki waliyokuwa hawajaenda nayo. Kumpeleka tu mwanafunzi mashambani hakumfanyi aipende kazi. Kunategemea anamkuta nani.

Kwa hiyo usiamue sasa. Ukipata nafasi ya kuchagua mahali pa mafunzo, chagua Levo 4 yenye daktari wa familia, si hospitali kubwa nyingine. Omba mgonjwa mmoja wa kisukari, uchukue namba yake kwa ruhusa yake, umfuatilie hadi umalize chuo. Na kama baada ya hayo bado upasuaji unakuita, nenda ukapasue kwa moyo mweupe. Budalang'i inahitaji na mpasuaji. Ila barua ya rufaa kutoka kwa afisa wa kliniki ikifika mezani kwako, isome polepole.

SWALI

Daktari, hujambo. Mimi ni baba wa watoto wanne, mkulima wa ngano na viazi, Njoro. Kifungua mimba wangu ni daktari, amemaliza uanagenzi. Niliuza ekari mbili kwa ajili ya masomo yake na sijuti. Sasa anasema anataka kusomea udaktari wa familia. Ndugu zangu wananiuliza: bingwa wa nini hasa? Mwenzake anasomea mifupa, kila mtu anaelewa mifupa. Je, msichana huyu anajishusha? Na atakula nini?

Mzazi, Njoro

JIBU

Mzee wangu, pole na hongera kwa pamoja.

Waambie ndugu zako kwamba ni bingwa wa mtu mzima na mtoto, wa mimba na wa uzee, wa ugonjwa ambao haujajulikana ni wa nani. Wakitaka mfano, waulize shosho, yaani nyanya wa nyumbani, ana magonjwa mangapi. Presha, magoti, kisukari, usingizi, na macho. Akipelekwa kwa bingwa wa kila kimoja atazunguka Nakuru mwezi mzima na kurudi na mfuko wa dawa zinazogombana tumboni. Lazima awepo mtu mmoja wa kuzitazama zote na kusema: hii tuiache.

Kuhusu kula. Katika utumishi wa umma mshahara wa daktari hufuata daraja, haufuati kiungo cha mwili anachotibu. Bingwa wa familia na bingwa wa mifupa wakiwa daraja moja kaunti moja, hati zao za malipo zinafanana. Tofauti huja jioni, kwenye hospitali za kibinafsi, ambako anayeweka chuma kwenye paja hulipwa kwa siku moja pesa ambazo binti yako hatazipata kwa ushauri. Hilo ni kweli na binti yako analijua. Asikudanganye mtu kwamba wote watajenga Milimani kwa kasi moja.

Kazi zipo wapi? Kaunti, hasa hizi hospitali za vitovu vya mitandao niliyoieleza hapo juu. Hospitali za misheni, ambazo kwa miaka mingi ndizo zimewatumia vizuri zaidi. Vyuo, kwa sababu walimu wa somo hili ni wachache. Hapo karibu nanyi, Chuo Kikuu cha Kabarak kinafundisha shahada hiyo kwa kushirikiana na hospitali za misheni, kwa hiyo si lazima aende mbali na nyumbani kuulizia. Jambo la kuuliza kabla ya kuanza, na hili ni muhimu kuliko jina la shahada: nani atamlipa mshahara katika miaka hiyo minne? Akiwa ameajiriwa na kaunti na kupewa ruhusa ya masomo kwa maandishi, ni sawa. Akiambiwa "tutaona", asianze. Mwaka 2024 mmeona madaktari wakigoma kuanzia Machi hadi Mei, na moja ya madai makubwa ilikuwa posho ya wanagenzi: serikali ilitaka kuwalipa shilingi 70,000 kwa mwezi wakati mkataba wa 2017 ulisema 206,400. Ahadi za mdomo katika kazi hii zina historia mbaya.

Kujishusha? Mzee, hebu kaa naye jioni moja umuulize alimwona nani akiifanya kazi hiyo hadi akaitamani. Mwanafunzi hafiki kwenye uamuzi huo kwa bahati, maana kila kitu chuoni kinamvuta upande mwingine. Lazima kuna mtu alimwona. Jibu lake litakuambia zaidi ya mimi.

SWALI

Kwako Daktari. Mimi ni afisa wa kliniki, nasimamia kituo cha afya Nambale, Busia. Kila mwaka naletewa wanafunzi wa udaktari na wa uuguzi kwa wiki chache. Wengi wanakaa kwenye simu wakisubiri muhuri. Wengine wananiita "daktari" kwa namna ambayo unajua hawamaanishi. Mimi nimemaliza diploma ya miaka mitatu KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba cha serikali, na nimefanya kazi hii tangu wao wakiwa shule ya msingi. Niwafanyie nini?

Afisa wa kliniki, Nambale

JIBU

Ndugu yangu, kwanza usiwape rejista. Najua kishawishi: rejista ya wagonjwa wa nje, MOH 204, ni ndefu, mwisho wa mwezi umefika, na hawa ni vijana wenye mwandiko. Mwanafunzi aliyejaza rejista wiki mbili atarudi chuoni akiamini kituo cha afya ni mahali pa kujaza rejista.

Wape wagonjwa. Siku ya kwanza, kabla ya matembezi ya kuonyesha choo na maabara, mkalishe mmoja kwenye chumba chako na mgonjwa wa kwanza aliye kwenye foleni. Mwache amhoji. Kisha muulize swali moja: utafanya nini sasa hivi na vitu vilivyo chumbani humu? Utaona simu ikiingia mfukoni. Wamezoea kujibu "nitaomba kipimo hiki na hiki". Huko kwenu mtoto ana homa, kipimo cha haraka cha malaria kimesema hana, mama ametembea toka asubuhi na anataka dawa. Hilo ndilo somo, na mwenye kulijua ni wewe.

Siku nyingine mpeleke na mhudumu wa afya ya jamii kwa mgonjwa aliyeacha dawa za kifua kikuu. Aende kwa miguu. Asiende kuhutubia, aende kumsikiliza mtu akieleza kwa nini aliacha. Akirudi, asikuandikie ripoti ya kurasa kumi na mbili. Akuambie kwa mdomo kituo chako kibadilishe kitu gani ili mtu huyo asiache tena. Ukiona jambo la maana, libadilishe mbele yake. Nimeona mwanafunzi akishtuka kwamba neno lake limehamisha siku ya kliniki kutoka Jumanne kwenda siku ya soko. Katika hospitali kubwa neno la mwanafunzi halihamishi hata kiti.

Na hao wa kukuita "daktari" kwa dharau, waachie. Muda wao ukifika watakupigia simu usiku. Mimi nawapigia maafisa wa kliniki kila wiki.

Jambo moja kwa chuo, kwa kuwa walimu wao wanasoma safu hii: anayefundisha alipwe, hata kidogo, na apewe barua ya kumtambua kama mkufunzi. Huwezi kumwambia mwanafunzi aiheshimu kazi ya mtu ambaye chuo chenyewe hakijui jina lake.

SWALI

Daktari, mimi ni mama wa Nyalenda, Kisumu. Nikienda Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi, kitanda changu kinazungukwa na wanafunzi kama kumi, kila mmoja anataka kunishika tumbo. Je, ninaweza kukataa? Na nikikataa watanitibu?

Mama wa watatu, Nyalenda

JIBU

Dada, unaweza kukataa, na lazima wakutibu vilevile. Haki ya kukubali au kukataa baada ya kuelezwa imo katika mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013. Wanafunzi wanatakiwa kujitambulisha, kukueleza wanataka kufanya nini, na kukuomba ruhusa. Sema tu: "Leo nimechoka, mmoja anatosha." Una haki pia ya pazia kuvutwa na ya kuwa na muuguzi wa kike karibu.

Ukikubali mmoja, mwambie na mambo ambayo hajauliza: ulianza kuumwa lini, ulianzia kituo gani, nani alikupa dawa gani, ulikuja na nini, nauli ni kiasi gani kutoka Nyalenda usiku. Na kwa ziara za kawaida, dawa za presha, chanjo za watoto, homa, anzia kituo cha afya cha karibu nawe. Ukiwa umejisajili na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, huduma za zahanati na vituo vya afya zinalipiwa na Hazina ya Huduma ya Afya ya Msingi, kwa hiyo usikubali kutozwa mlangoni kabla ya kuuliza ni ya nini. Nenda na kitambulisho na daftari lako.